Tyubu Iliyolala

Shangazi yangu hutafuna chingamu kama mtu yeyote, ila hamalizi kama mtu yeyote. Utamu ukishakwisha anaitoa mdomoni, anabana ncha moja kwa vidole, ananishikisha mimi ncha ya pili, tunaivuta taratibu mpaka inakuwa uzi mrefu kati ya kochi na meza. Halafu anaikata katikati kwa mkasi.

"Usiachie. Tazama tu."

Tunatazama. Zile ncha zilizokatwa zinarudi nyuma kidogo, kila moja upande wake, kama mtu aliyeitwa na hataki kwenda. Shangazi anapima pengo kwa rula yangu ya shule, kisha anatikisa kichwa.

"Hii haifai. Kuvutika inajua, kurudi haijui. Ukiiweka barabarani, lori la kwanza tu linaiacha na alama."

"Mtu mzima ana cheti chake ukutani," Bibi anasema kutoka kwenye kiti chake, "anacheza na mate."

"Mama, hii ni sayansi."

"Basi hiyo sayansi irudishe mkasi wangu jikoni."

Bibi ndiye mama mzazi wa Shangazi na wa baba yangu. Nyumba ni yake, na wote tunaishi humo kwa sheria zake. Sheria ya kwanza ni kwamba koti la kazi la Shangazi haliingii ndani. Linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa uani, limekakamaa kwa madoa meusi, na siku ya jua kali unalinusa kabla hujaliona. Shangazi ni fundi sanifu katika maabara ya barabara. Watu wakiuliza anafanya nini huko, anajibu, "Naitesa lami." Wakicheka, anaongeza, "Naitesa leo ili nijue itakufa lini."

Ndiyo maana majirani wanamwita Mganga. Na si majirani tu, hata kazini kwake ukiingia asubuhi utasikia, "Mganga, umeamkaje?" Jina lenyewe ni utani, lakini ukikaa ukafikiria unaona limemkaa. Anachukua kikopo cha lami iliyofika jana, anakipitisha kwenye moto, kwenye barafu, kwenye mashine za kuvuta na kuzungusha, na wiki ikiisha anakwambia barabara ile itakuwaje wewe ukiwa na watoto wako shuleni.

Nilipofunga shule likizo ile, Bibi alisema amechoka na maswali yangu, na Shangazi akasema yeye hajachoka. Mkuu wa maabara, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino, alinikubalia kwa sharti moja: nitazame kwa macho, mikono iwe nyuma. Nikaishika amri hiyo kama askari.

Maabara ni jengo refu nyuma ya karakana ya magreda. Ndani kuna chumba cha kokoto, ambacho kina vumbi na kelele, na chumba cha lami, ambacho ni kimya na kina joto la kutosha kukausha nywele. Chumba cha pili ndicho cha Shangazi na cha mwenzake, kijana mrefu wanayemwita Mizani kwa sababu hapimi kitu mara moja. Hata sukari ya chai anaiangalia kwenye kijiko kwanza. Nilichokipenda zaidi pale ni tanuri lenye chupa za kioo zinazozunguka huku lami ndani yake ikijipaka ukutani, nyembamba, ikipulizwa hewa ya moto. Lami inayoingia ni laini na inang'aa. Inayotoka imechoka.

"Imezeeka," Shangazi aliniambia. "Hapo imeshapita kiwandani, imechanganywa na kokoto, imemwagwa, imeshindiliwa. Yote hayo ndani ya chupa."

"Kwa hiyo ukiipima sasa, unapima barabara ambayo haijajengwa?"

"Ehee! Umeona sasa? Halafu Bibi yako anasema nacheza."

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia hakikutokea kwenye tanuri lile. Kilitokea kwenye friza, na ili ukielewe lazima kwanza nikwambie habari ya Mteremko.

Mteremko ni ile barabara inayopanda kwenda hospitali. Kila lori linalotoka mjini na mzigo linaipanda kwa gia ndogo, polepole, likinguruma, likiikandamiza lami ya moto chini yake. Kwa hiyo magurudumu yalikuwa yamechimba mifereji miwili kuanzia chini mpaka juu. Mvua ikinyesha inakuwa mito miwili. Pikipiki ikiingia kwenye mfereji haitoki mpaka ufike mwisho, na wengine hawakufika mwisho. Gari la wagonjwa lilikuwa linapanda limeinama upande mmoja, na muuguzi ndani anamshika mgonjwa kwa mkono mmoja na dripu kwa mkono wa pili.

Shangazi anaufahamu Mteremko tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Alikuwa anampelekea baba yake, yaani babu yangu, chakula hospitalini, saa ya jua la utosi, akakanyaga pale lami ilipoyeyuka. Kandambili ikanasa. Akavuta mguu, mguu ukaja, kandambili ikabaki. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, sufuria kichwani, hawezi kuinama kwa sababu ya sufuria, hawezi kushusha mguu kwa sababu ya moto. Bibi akiisimulia hiyo anacheka mpaka anajifuta machozi. Shangazi anasema yeye hakulia. Alikuwa anajiuliza tu, ni barabara gani hii, mchana inakuwa uji na asubuhi inakuwa jiwe?

Swali lile halikumtoka. Alipomaliza shule aliomba kazi maabara, akapewa ya kuosha makopo kwa mafuta ya taa. Akaosha. Akaenda chuo, akarudi na cheti, akaanza kupima. Na siku zote alizokuwa anapima lami ya kawaida alikuwa anasubiri ile nyingine, lami inayochanganywa na mpira maalumu unaokuja kama vidonge vyeupe vidogo. Mpira ule ukiyeyuka ndani ya lami, unaifanya ijue kurudi. Gurudumu linaikandamiza, likipita lami inajinyoosha. Ni dawa hasa ya mahali kama Mteremko.

Tatizo ni kwamba vipimo vya lami ya mpira vilikuwa havifanyiki kwetu. Makopo yalikuwa yanafungwa na kutumwa mbali, kwenye maabara kubwa, majibu yanarudi barabara imeshamwagwa. Shangazi aliomba vifaa miaka na miaka. Aliandika, akasahaulika, akaandika tena. Hatimaye vifaa vikaja, na ruhusa ikaja navyo, ila ilikuwa ruhusa ya majaribio. Mteremko ungejengwa upya, kwa lami ya mpira, na ripoti ya lami hiyo ingekuwa ripoti ya kwanza ya Shangazi. Mkuu alimwambia wazi mbele yangu:

"Tukifanya vizuri, vifaa vinabaki. Tukiboronga, tunarudi kuwa wafungaji wa makopo. Mimi nakaribia kustaafu, Mganga. Wewe ndiye utakayefunga."

Sasa, lami ya mpira ina ugonjwa wake. Ukiiacha kwenye tangi la moto bila kuikoroga, mpira unaweza kupanda juu kama malai ya maziwa, chini ikabaki lami tupu. Ukichota juu unapata mpira mwingi mno, ukichota chini hupati kitu. Barabara inakuwa na vipande vizuri na vipande vibovu. Si kila lami inafanya hivyo, nyingine mpira wake umeshikana vizuri. Utajuaje? Kuna kipimo, na ndicho kilichonifanya nisahau hata kula.

Wanachukua tyubu ya bati laini, kama ya dawa ya meno. Wanamimina lami ya moto, wanakunja mdomo, wanaisimamisha kwenye kishikio ndani ya tanuri siku mbili. Kama mpira unataka kupanda, utapanda. Kisha tyubu inatolewa ikiwa imesimama vilevile, inaingizwa kwenye friza ikiwa imesimama, inaganda. Hapo wanaikata vipande vitatu. Shangazi anaviita kichwa, kiwiliwili na miguu. Kiwiliwili hakina kazi, kinawekwa pembeni. Kichwa na miguu vinatiwa kwenye vikombe na bati lake hivyohivyo, vinayeyushwa, bati linatolewa, lami inamiminwa kwenye pete mbili ndogo za shaba. Juu ya kila pete wanaweka gololi ya chuma, wanazitumbukiza kwenye bakuli la kioo lenye gliserini, wanapasha moto polepole. Lami inalainika, gololi inazama nayo, inagusa chini. Unasoma kipimajoto. Gololi za kichwa na miguu zikianguka karibu pamoja, mpira haukupanda. Zikiachana sana, ulipanda.

Siku ya kipimo cha Mteremko, Shangazi aliitwa ofisini kwa Mkuu kupokea simu, kwa hiyo Mizani ndiye aliyeitoa tyubu na kuikata. Shangazi alirudi vipande vikiwa tayari kwenye vikombe. Wakamimina, wakaweka gololi, sote tukainama juu ya bakuli. Nisikudanganye, nilikuwa sipumui. Gololi zikaanza kushuka, kila moja imevaa lami yake kama gauni, na zikagusa chini pamoja. Pamoja kabisa, kama zimeambizana.

"Mapacha!" Mizani akapiga kofi.

Shangazi alikaa kwenye stuli, akavua miwani, akaifuta kwa koti, ikachafuka zaidi. Mkuu aliweka sahihi siku hiyohiyo baada ya kuazima kalamu yenye wino, ripoti ikaenda kwa mhandisi wa barabara, na tukanywa soda zilizotoka kwenye friza ya maabara. Pale ndipo kila mtu anapoweka maji yake. Friza ina karatasi mlangoni imeandikwa HAPA SI JIKONI, na nyuma ya karatasi hiyo kuna chupa za kila mtu kuanzia mlinzi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Lami ilikuwa imeshajazwa kwenye tangi la kiwandani na kazi ya kumwaga ilikuwa ianze Jumatatu. Shangazi alikwenda kusafisha meza, nami nikamfuata. Mizani alikuwa huko anaosha vikombe. Shangazi ana tabia hii: viwiliwili hatupi mpaka kazi iishe. Anavimenya bati, anavipanga dirishani kama vipande vya mishumaa. Akakimenya kile cha Mteremko. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akaenda nacho dirishani.

"Mizani, njoo."

"Naam."

"Hiki kina nini ubavuni?"

Nilichungulia. Kipande kilikuwa cha mviringo upande mmoja, lakini upande wa pili kilikuwa bapa, tena kimebonyea kidogo, bonde jembamba toka ncha mpaka ncha.

"Labda bati lilibonyezwa," Mizani alisema.

"Bati hili hapa. Limebonyea wapi?"

Halikuwa limebonyea. Mizani akajifuta mikono.

"Hii lami iliganda imelala," Shangazi alisema.

Nilimwuliza maana yake nini, akanijibu huku akiendelea kukitazama kile kipande. Tyubu haijazwi mpaka juu, kuna hewa kidogo. Ikisimama, hewa inakaa kichwani. Ikilala ingali ya moto, hewa inajinyoosha ubavuni, na lami nayo inajinyoosha. Kama mpira ulikuwa umepanda kichwani, unateremka na kutandaa mpaka miguuni. Hapo ukikata, kila kipande kinapata mpira wake, na gololi zinaanguka pamoja.

"Kwa hiyo lami ni mbaya?" niliuliza.

"Sijui."

"Basi inawezekana ni nzuri."

"Inawezekana. Sijui." Akafungua friza. Kishikio cha tyubu kilikuwa kimesukumwa kwenye kona, na mahali pake palikuwa na chupa. "Nani alikuja kuchukua maji tulipoiweka?"

"Mganga, watu wote walikuja," Mizani alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Jua lilikuwa kali. Mimi pia nilifungua. Nilipoitoa ilikuwa imelala, nikadhani imeshaganda ndiyo ikaanguka. Na chupa ile ya bluu..."

"Ya bluu ni yangu," Shangazi alisema.

Wakatazamana. Kisha Shangazi akaanza kutoa chupa, moja baada ya nyingine, akaanza na ya kwake, akazipanga nje kwenye saruji. Mpaka leo haijulikani ni mkono wa nani uliolaza tyubu ile. Mlinzi aliapa, Mizani akaapa, na Shangazi hakuapa.

Mkuu alikuja akiwa amevaa nguo za shambani, viatu vina udongo. Alisikiliza yote, akakishika kiwiliwili, akakigeuza kama Shangazi alivyokigeuza.

"Una uhakika lami ni mbovu?"

"Sina, bosi."

"Sasa unataka nisimamishe kazi kwa sababu ya nini?"

"Karatasi inasema tunajua. Na hatujui."

"Majibu yalikuwa mazuri."

"Yalikuwa mazuri kwa sababu tyubu ililala."

Mkuu alikaa. "Mwanangu," alisema, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, "ripoti ya kwanza kabisa. Ya kwanza! Tukiifuta hii hatupewi ya pili. Umevisubiri hivi vifaa tangu ukiosha makopo. Unalijua hilo?"

"Nalijua kuliko mtu yeyote."

"Lami nzuri zipo nyingi. Huenda hii ni mojawapo, hakuna atakayejua."

Shangazi alikuwa anakikunja kile kipande cha bati, anakikunja, anakikunja, mpaka kikawa kidogo kama punje. "Gari la wagonjwa litajua," alisema.

Mkuu akatoa simu mfukoni, akampa yeye. "Mpigie mhandisi. Mimi nikianza nitazungukazunguka."

Shangazi hakuzungukazunguka. Nilisikia kila neno. "Mhandisi, habari za kazi. Ni mimi wa maabara ya lami. Ripoti niliyokuletea ifute. Hapana, si lami. Kipimo. Tumekosea sisi."

Mhandisi alifika kabla chai haijapoa. Mtu mnene, kofia ngumu bado kichwani, nilidhani ataanza kufoka. Hakufoka. Aliuliza maswali mafupi, akaonyeshwa kipande, akaelewa papo hapo, akapauka.

"Mnajua kwa nini nimekuja mbio?" alisema. "Mota ya kukoroga tangi langu imeungua. Nilikuwa nimeagiza nyingine. Ripoti yenu ilipofika ikisema lami na mpira haviachani, nikasema basi, haina haja, nitaanza bila mota."

Mizani akakaa chini sakafuni, hivihivi tu.

"Barabara nimeshaifunga," mhandisi aliendelea. "Mashine ziko pale, malori yanazunguka njia ya mbali, watu wananitukana. Mnahitaji muda gani?"

"Mpaka Jumanne asubuhi," Shangazi alisema. "Siwezi kuiharakisha. Ikiharakishwa inadanganya."

"Jumanne. Nitakuja mwenyewe." Akafika mlangoni, akageuka. "Na siku hiyo tutazungumza habari ya maabara yenyewe. Samahani, lakini itabidi."

Safari hii Shangazi alijaza tyubu mbili, akazifunga kwenye kishikio kwa waya. Jumapili alikwenda kuzichungulia, akarudi, akakaa sebuleni bila kuvuta chingamu yoyote. Bibi akamtazama weee, mwisho akasema, "We mtoto, kandambili imenasa tena?" Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. "Imenasa, Mama." Bibi akaenda kumletea chai, yeye ambaye huwa analetewa.

Jumatatu alasiri alizitoa tanurini. Ungemwona! Alitembea kutoka tanuri mpaka friza kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa mpaka ukingoni katikati ya chumba chenye watoto wachanga. Mizani alimtangulia kumfungulia milango, hata ule uliokuwa wazi. Ndani ya friza hakukuwa na kitu ila kishikio. Mlinzi alikuja na chupa yake, akaona sura zetu, akarudi nayo kimya.

Jumanne asubuhi tulikuwa watano kuzunguka bakuli: Shangazi, Mizani, Mkuu, mhandisi na mimi, mikono yangu nyuma. Kiwiliwili alikimenya kwanza. Kilikuwa duara pande zote. Ndipo akaweka gololi. Kushoto kichwa, kulia miguu.

Moto ukapanda. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na nilianza kudhani gliserini imeganda. Halafu gololi ya kulia ikaanza kuzama. Ikazama taratibu, ikatengeneza gauni lake, ikagusa chini. Shangazi akasoma kipimajoto kwa sauti.

Ya kushoto ilikuwa imekaa tu juu ya pete yake, kama mgeni ambaye hajaambiwa kuwa sherehe imekwisha.

"Anguka," Mizani alinong'ona. "Anguka basi, mama."

Kipimajoto kikaendelea kupanda. Mkuu alikuwa ameshika kalamu zake zote tatu. Mimi nilikuwa namtazama Shangazi, na nakwambia kweli, na yeye alikuwa anataka ianguke. Si kwamba alitaka kuonekana alikuwa sahihi kusimamisha kazi. Midomo yake ilikuwa inasema "njoo, njoo" bila sauti. Gololi haikuja. Ilikaa mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, kisha ikajitikisa, ikashuka.

Shangazi akasoma, akatoa namba moja kwenye nyingine, akasema pengo. Halikuhitaji maelezo. Mpira wote ulikuwa kichwani.

"Na tyubu ya pili?" mhandisi aliuliza.

Ya pili ikafanya vilevile.

Mhandisi akavua kofia, ndipo nikaona ana upara. Akakaa kwenye stuli ya Shangazi. "Ningekuwa nimeshamwaga nusu ya Mteremko," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. Kisha akapiga simu kiwandani, akaagiza mota mpya iletwe na kufungwa, tangi likorogwe mchana kutwa, na lami ichukuliwe tena juu na chini ya tangi, iletwe hapa. Akarudia hilo neno: "Hapa. Si kule mbali. Hapa."

Ripoti mpya ikaandikwa. Mkuu alianza na sentensi isemayo ripoti ya kwanza imefutwa kutokana na hitilafu ya friza. Shangazi akaisoma, akamrudishia.

"Bosi, friza haina mikono."

"Mganga, nakusaidia."

"Andika kosa la maabara. Na chini yake weka jina langu, chupa ya bluu ni yangu."

Akaandika. Wakubwa waliposoma waliitana, wakakaa, na majibu yao hayakuwa matamu wala machungu. Vifaa vibaki, lakini kwa nusu mwaka kila kipimo kifanywe mara mbili, kimoja kwetu na kimoja kule mbali, vilinganishwe. Nilidhani Shangazi ataumia. Alikaa chini ya koti lake, pale mlango wa uani, akaisoma barua mara mbili, akasema, "Walinganishe. Nataka na mimi nione." Nimesikia kwamba mpaka sasa majibu hayajapishana mara hata moja. Friza imefungwa kufuli. Ufunguo anao Mizani, na ukimwomba maji anakupeleka bombani mwenyewe, anakushikia kikombe.

Lami ya juu na ya chini ya tangi ilipopimwa baada ya kukorogwa, gololi zilianguka pamoja, na Mteremko ukamwagwa mota ikinguruma. Mimi nikarudi shule. Joto la kwanza kubwa lilipokuja, siku ambayo hata mbwa walikuwa hawavuki barabara, Shangazi alinichukua saa ya jua la utosi, tukapanda mpaka katikati ya kilima. Alikuwa na rula ndefu ya chuma, na miguuni, makusudi kabisa, amevaa kandambili. Akasubiri malori yapite, akapiga magoti, akailaza rula kukatisha njia ya magurudumu, akaweka shavu karibu na lami kuangalia kama mwanga unapita chini yake, dalili ya mfereji kuanza.

Dereva wa lori akapunguza mwendo. "Mama, umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza kitu!"

"Basi ondoka, utakanyagwa wewe na rula yako!"

"Pita, baba, pita! Kanyaga vizuri, nataka nione!"

Dereva akacheka, akapita, mzigo umejaa mpaka juu. Shangazi akarudisha rula palepale, akainama tena. Nami nikainama. Hakukuwa na mwanga.

"Nzuri, eti?" nilisema.

"Bado. Hili ni joto la kwanza tu. Mwakani tutakuja tena, na mwaka unaofuata."

Akasimama, akajipangusa magoti, akaanza kuteremka mbele yangu juu ya lami ile ya moto. Nilikuwa nyuma yake nikitazama miguu yake. Kila alipoinua mguu, kandambili ilikuja nao.